Mbona Wote Umewapiga Mgongo?

Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi, Kigamboni, pale ukishuka tu kwenye pantoni unakutana na moshi wa vitumbua. Nimekaa kwenye benchi la mama mmoja ambaye nanunuaga kwake chai ya rangi kila nikivuka na kamera, naangalia nilichopata njiani, natabasamu peke yangu kama mjinga.

"Hebu nione mwanangu unachekaga nini na hilo likamera lako."

Nikamwonesha kitufe cha kusogezea. Akafuta vidole kwenye kanga, akaanza. Mtu na baiskeli kwenye ngazi ya pantoni. Watu watatu wameegemea chuma wanaangalia mjini. Kijana na mfuko wa barafu begani, jua limemzunguka, mwenyewe hiyo nilikuwa nishaanza kuipangia maneno ya kuandika nikiiposti. Akaenda mpaka ya kumi na tano hivi. Kwenye ile ya barafu akasimama.

"Huyu si mtoto wa hapa jirani? Nimemjua kwa viatu."

Akanirudishia kamera taratibu, kwa mikono miwili, kama unavyorudisha mtoto wa mtu.

"Nzuri. Ila mbona wote umewapiga mgongo?"

"Ndo staili yangu mama."

"Haya."

Akageuza vitumbua vyake. Ndo ikaisha hivyo, hakuna aliyegombana na mtu, nikalipa nikaondoka.

Lakini ile "haya" imekaa na mimi wiki tano sasa.

Folda ya Kali

Nina eksternali moja ya zamani, diski ya kuhifadhia picha, inalia kama nyenje ukiichomeka. Ndani yake kuna folda nimeiita Kali, humo naweka zile tu ninazoona zimetoka, zile ambazo mtu akiniambia nioneshe kazi yako nitaanzia hapo. Picha 312, za miaka kama kumi. Wiki ile ile nikakaa nazo usiku, daftari pembeni, nikaanza kuhesabu picha ambazo unaweza kumwona mtu macho.

Nilidhani nitapata nusu.

Nikapata 29. Na kati ya hizo 29, 11 ni za harusi ya binamu yangu ambazo sijui hata zilifikaje humo.

Zilizobaki ni migongo, vivuli ukutani, miguu, watu wamegeuka juu ya daraja, watu weusi tii mbele ya bahari inayong'aa, mikono imeshika bomba la daladala bila mwenye mkono. Mtu mmoja aliwahi kuniandikia kwamba picha zangu "zina upweke fulani hivi wa jiji" na mimi nikalipenda hilo neno nikalibeba miaka, nikawa nalitumia mwenyewe nikiulizwa. Upweke wa jiji. Dar hii, ambayo huwezi kukaa kituoni dakika tano hujaulizwa unaelekea wapi.

Nilifunga laptopu nikalala. Yaani nilijaribu kulala.

Mjomba

Kupiga picha nimefundishwa na mjomba wangu na yeye hakuwahi kutumia neno sanaa hata siku moja. Alikuwa na Zenit, ile ya Kirusi, zito ungeweza kumpasua mtu kichwa, na lenzi yake ya Helios. Mita yake ya kupima mwanga ilikuwa ya zile zisizotumia betri na ilishakufa kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo alisoma jua kwa macho. Kwenye boksi la mkanda, upande wa ndani, kulikuwa na kajedwali: jua kali, mawingu kidogo, mawingu mazito, kivulini. Jua kali la Dar tundu la lenzi ni f16, mkanda wa ASA 100 unaweka shata 125, bas. Mpaka leo nikitoka nje mchana kichwa kinasema kumi na sita chenyewe.

Sikukuu ndo ilikuwa msimu. Idd na Krismasi tulikuwa tunaenda Mnazi Mmoja asubuhi na mapema, mimi nimebeba mfuko, yeye na daftari. Watoto wamevalishwa suti za kubana na viatu vya kung'aa, madada wamesuka, kila mtu anataka picha. Mkanda ni wa picha 36 ila ukiuingiza kwa ujanja unapata 37, 38 siku nzuri, na hizo mbili za juu ndo faida ya soda zetu. Kwa hiyo hakuna kupiga hovyo. Kila picha ina mtu anayeisubiri na nusu ya hela keshatoa.

Kwenye daftari aliandika hivi: *Kijana suti bluu, Tandika nyuma ya msikiti, kaacha nusu. Dada na mtoto, Keko, mlango wa kijani.*

Wiki ikifuata, picha zishasafishwa mjini, tunatembea nyumba kwa nyumba tunagawa. Hapo ndo nilikuwa nachoka na hapo ndo yeye alikuwa anachangamka. Mtu anapokea, anaita nyumba nzima, wanaicheka, mmoja anasema umenifumbisha macho, mjomba anabishana naye, tunapewa maji. Kuna nyumba tuligonga mara tatu kwa picha moja ambayo salio lake lilikuwa dogo kuliko nauli. Nilimuuliza kwa nini tusiiache tu. Akasema keshanipa uso wake, nikae nao mimi wa nini?

Jingine, mjomba alikuwa anagusa watu. Anamwekea mtu kola vizuri, anamgeuza kidevu, "shikamoo bibi, naomba nikusogeze kanga kidogo." Alikuwa anafanya kazi umbali wa mkono.

Kuna kipindi nilisoma habari za Seydou Keïta, mpiga picha wa kule Bamako, Mali, aliyefungua studio yake 1948, picha ambazo leo ziko kwenye makumbusho makubwa duniani. Shuka la kitandani kwake ndo lilikuwa pazia la nyuma, wateja walikuja wenyewe kulipia picha zao, wakakaa na sura ya uzito wakamtazama. Nikajisemea huyu si mjomba huyu? Sisemi mjomba alikuwa na kiwango hicho, hapana, nusu ya picha zake vichwa vimekatwa. Ila mpangilio ule ule: picha ilikuwa ya aliyepigwa kwanza.

Hadithi niliyokuwa nasimulia

Kwa miaka mingi nikiulizwa kwa nini sipigi sura nilikuwa na hadithi yangu tayari. Kwamba 2014 nilikuwa sokoni, soko moja la jijini sitalitaja, na kamera yangu ya kwanza ya kidijitali niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika, mchukuzi mmoja akaja akafunika lenzi kwa kiganja, "unatuuza wapi wewe?", watu wakajaa, nikalazimishwa kufuta picha, nikaondoka na jasho mgongoni. Wapiga picha wote wa mtaani wana hadithi kama hii na wote tunaitikia kwa kichwa. Raia hawaelewi sanaa. Wanadhani picha yao inaenda kuuzwa Ulaya kwa mamilioni.

Yote hayo ni kweli, ila nilikuwa naanzia katikati.

Yule mchukuzi alikuwa ameteleza. Alikuwa na tenga la nyanya kichwani, njia imelowa, akaenda chini na tenga likapasuka, nyanya zikasambaa kwenye tope, zimepondeka, na yeye kakaa chini pale katikati anaziangalia. Mwanga ulikuwa mzuri mno, unapita kwenye tundu la bati unamwangukia usoni. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Mikono yangu miwili ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa na sikuokota hata nyanya moja.

Nilipiga sita.

Alinisikia shata. Akanyanyuka na tope lake akaja. "Futa." Nikafuta. "Na hiyo." Nikafuta. Akazihesabu mpaka sita zikaisha, kisha akarudi kuokota nyanya zake, na wale watu waliojaa, walikuwa wamejaa kumsaidia yeye.

Hii nusu ya kwanza sijawahi kumsimulia mtu. Naiandika hapa mara ya kwanza.

Miezi mitatu baadaye nikanunua lenzi ndefu ya kuvuta mbali, 70-300. Nikajiambia nakua, naongeza vifaa. Na ni kweli picha zikawa safi zaidi, maana ukiwa mbali mtu hajui na asipojua hashtuki, na nikaanza kuona uzuri wa migongo, na migongo ina uzuri wake jamani sikatai, mgongo wa mtu aliyechoka unasema mengi. Nikapata laiki. Nikapata lile neno upweke.

Nilikuwa naogopa nikaita staili.

Kamera inadhani dunia ni kijivu

Kuna na sehemu ya ufundi hapa inanikera zaidi maana hiyo nilikuwa naijua kabisa.

Mita ya kamera imetengenezwa kuamini kwamba chochote unachoielekezea, ukikichanganya chote pamoja, ni kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Haijui watu. Ukiwa upande wa mjini asubuhi ukaangalia Kigamboni, jua linakuja usoni kwako na maji yanawaka, mita inaona mwanga mwingi kupita kiasi, inaubana wote mpaka bahari iwe na rangi nzuri, na mtu mweusi aliyesimama mbele anakuwa kipande cha makaa. Dawa yake ni kitufe kimoja, unaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, au moja na nusu, bahari inapauka kidogo na mtu anarudi. Sekunde mbili.

Mjomba hakuwa na kitufe, ila alikuwa na kanuni yake: sisi tuongezee nusu. Baadaye sana ndo nikaja kusoma kwamba maabara za enzi za mkanda zilikuwa zinalinganisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, kadi zenyewe walikuwa wanaziita Shirley, kwa hiyo aliyekuwa mweusi aliingia kwenye mashine iliyopangwa kwa ngozi ya mwingine. Mjomba hakusoma popote. Aliona tu wateja wanalalamika wametoka weusi kama masizi, akajirekebisha kwa sababu ilibidi arudi kwao na hizo picha.

Mimi sikuwa na wa kumrudia. Kamera ikiniletea kipande cha makaa naiambia asante, nakaza na giza kidogo kwenye simu, naposti.

Nikajitetea

Msidhani nilikubali kirahisi. Wiki ya pili na ya tatu nilikuwa wakili wangu mwenyewe.

Nilijiambia migongo ni heshima. Si kila mtu anataka sura yake izunguke mitandaoni na siku hizi hata sheria ipo, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu aliyegeuka hajulikani, kwa hiyo yuko salama. Hoja nzuri, mpaka nikakumbuka yule mama alimjua kijana kwa viatu. Na mimi huyo kijana sikumuuliza lolote, si sura si viatu.

Nikajiambia tena kuomba ruhusa kunaua picha, mtu akijua anakakamaa. Nikamvuta na Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari, aje kunitetea. Mo Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa Dar mwaka 1963, kijana wa miaka 20 hivi, na ndiye aliyepiga njaa ya Ethiopia 1984 dunia ikaamka. Aliwahi kumwomba nani ruhusa? Ila ukimfuata kidogo anageuka shahidi wa upande wa pili. Yule mtu alikwenda karibu. 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono na bado akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka ile ndege iliyotekwa ilipoanguka Komoro 1996. Halafu mimi, mhasibu mwenye mikono yote miwili, nimejificha nyuma ya nguzo na milimita 300 nampiga mama muuza machungwa. Nikaona aibu nikamwacha marehemu apumzike.

Ukungu

Wiki ya nne nikaamua nitarudia lenzi fupi, ile 18-55 iliyokuja na kamera, iko kwenye boksi juu ya kabati. Nikaifungua, nikaielekeza kwenye taa.

Ukungu. Ndani kabisa, utando kama wa buibui umeanzia pembeni unaenda katikati.

Anayeishi karibu na bahari hii anajua. Unyevu wa Dar hauna huruma, lenzi ukiiweka gizani bila hewa na bila vile vipakti vya kunyonya unyevu, ukungu unapanda, na ukikaa sana unakula hadi ile rangi ya juu ya kioo, hapo hata ukisafisha alama inabaki. Kinachoilinda lenzi ni kutumika, itoke nje ipate mwanga.

Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, chumba kidogo ghorofani, ana kitambaa cheupe kimetandazwa na skrubu zimepangwa kwa mstari. Akaiinua kwenye dirisha, akafumba jicho moja.

"Hii umeiweka miaka mingapi bro?"

"Kama minane."

"Kwa nini sasa?"

Sikuwa na jibu la kumpa fundi. Aliifungua akaisafisha nikimwangalia, ikatoka, ila pembeni kulia kumebaki alama kama kucha, ukipiga kuelekea jua kunatokea ukungu mweupe. Akasema usipige kuelekea jua tu. Nikacheka peke yangu, yeye hakuelewa.

Sinia

Jumamosi iliyopita nikavuka. Shikamoo mama, marahaba, chai, vitumbua vinne. Nikamwambia nimekuja kukupiga picha wewe, ya mbele, ukikubali.

Nilitegemea atacheka. Akasema subiri. Akamwita binti yake ashike karai, akaingia nyuma, akarudi amenawa uso na kanga nyingine, akakaa kwenye stuli akanyoosha mgongo. Uso ule uliokuwa unacheka dakika moja nyuma ukafungwa kabisa. Sura ya pasipoti.

Nikataka kumwambia kaa tu kawaida mama. Mdomo ukafunguka nikaufunga. Hiyo ndo sura anayotaka kutoa, mimi ni nani.

Shida ikawa turubai. Juu yake lile turubai la bluu, kwa hiyo uso wote umepata ubluu, kama mtu aliyelazwa. Nje kidogo kuna jua lakini stuli ikitoka haoni karai na karai haliachi, hata binti yake akiwa analo. Nikawa nazunguka pale kama kuku. Mjomba angekuwa keshamaliza.

Yule kijana wa barafu alikuwa anapita, yule yule, na viatu vyake, raba nyeupe zenye mstari mwekundu, kweli zinajulikana kutoka mbali. Akasimama kushangaa. Nikamwomba ashike lile sinia la aluminiamu la kuwekea vitumbua, asimame juani, aligeuze mpaka mwanga uruke umfikie mama. Akaelewa haraka kuliko mimi nilivyowahi kuelewa. Uso wa mama ukawaka upande mmoja, joto, ule ubluu ukaondoka, na kwenye paji la uso nikaona kajasho ka moto wa asubuhi yote.

Mita moja na nusu. Nilikuwa nasikia anapumua. Vidole vinanitetemeka, mtu mzima.

Nilipiga nne. Ya kwanza sikufokasi vizuri, imeshika sikio.

"Na mimi?" akasema wa barafu.

Nikampiga na yeye, kasimama na sinia lake kifuani kama ngao, anacheka mpaka macho yamepotea. Kitaalamu haina lolote, nyuma yake kuna bodaboda imekata kichwa na mkono wake umetikisika. Isingeingia Kali.

Jumatano nikazisafisha, saizi ya 5 kwa 7, mbili mbili. Alhamisi nikavuka kabla ya kazi. Mama hayupo, kaenda Rufiji msibani. Binti akafungua bahasha, akaitazama ile ya mama yake muda mrefu kidogo.

"Atasema umemnenepesha."

Akaiweka nyuma ya kopo la sukari, isipate mafuta.

Wa barafu nikamkuta pale chini anasubiri mzigo. Akapokea ya kwake, akaigeuza nyuma kuona kama imeandikwa kitu, akairudisha mbele, akaicheka. Halafu akaniuliza, mama kaniambia kuna nyingine, ile ya mgongo nimebeba barafu, bado unayo?

Nikamwambia ninayo ila nilikuwa nafikiria kuifuta.

"Usifute bro. Nitolee na hiyo. Hii viatu havijaonekana."